Muulize Dada: Mradi wa ndani hauna mtu wa kuudai

SWALI: Dada shikamoo. Nimeajiriwa miezi minne iliyopita kuwa meneja wa miradi ya uendeshaji kwenye wakfu wa jamii, zile taasisi zisizo za faida ambazo watu mbalimbali wanaweka michango yao kwenye mifuko alafu wakfu ndo unatoa ruzuku kwa vikundi. Siku ya kwanza tu nilikabidhiwa miradi 11. Kuna kubadili sistemu ya wachangiaji, kupanga upya fomu za maombi ya ruzuku, kuhamisha mafaili ya karatasi, kuandika sera ya manunuzi, na kadhalika na kadhalika. Mpaka leo hakuna hata mmoja uliokwisha. Nikiitisha mitingi watu wa ruzuku wako bize, mhasibu anajiandaa na mkaguzi, mkurugenzi ananiambia "nakuamini, we endelea tu". Nina chati ya Gantt, ile ratiba inayochora kila mradi kama mstari kwenye kalenda, nzuri ya rangi lakini anayeifungua ni mimi peke yangu. Nakosea wapi? – Mwenye Chati

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kumi na moja! Pole kwanza.

Chati yako haina kosa, na wala wenzako sio wavivu. Angalia hivi, ruzuku ina wadai wake. Kikundi kikichelewa kulipwa kitapiga simu, mchangiaji asipopata ripoti ataandika barua, mkaguzi anakuja na tarehe yake mkononi na huwezi kumwambia arudi wiki ijayo. Sasa huo mradi wako wa kupanga mafaili nani anaudai? Ukichelewa mwezi hakuna anayelia, ukichelewa mwaka watu wanasahau kama ulikuwepo. Miradi ya ndani haifi kwa kugombwa, inafia usingizini.

Kwaiyo kazi yako ya kwanza ni kuutafutia kila mradi mdai wake, yaani mtu ambaye kazi yake inakwama kila siku kwa sababu mradi haujaisha. Chukua hizo fomu za maombi. Nina uhakika hapo ofisini kuna mtu anakaa jioni ananakili majibu kutoka kwenye fomu kwenda Excel, mstari kwa mstari, jina la kikundi, akaunti, kiasi kilichoombwa, alafu kesho yake anagundua kuna namba aliruka anaanza kutafuta. Nenda ukae pembeni yake hata saa moja tu umwangalie anavyofanya. Huyo ndo mwenye mradi, sio wewe. We msaidie ausukume, na akisimama yeye kwenye mitingi akasema "mimi hili linaniua" utaona watu wanavyoacha simu zao.

La pili ni kalenda. Usishindane nayo maana utashindwa. Kabla hujaandika mradi wowote andika kwanza tarehe ambazo ofisi haina pumzi: dirisha la maombi likifunguliwa, wiki ya kamati ya kuchagua, makabrasha ya bodi, ukaguzi, na ule mwisho wa mwaka ambapo michango inaingia kwa fujo na kila mtu anataka risiti yake. Zitoe zote kwenye chati uone kilichobaki. Mara nyingi unabaki na nafasi mbili tatu za wiki chache chache, na hizo ndo mwaka wako wa kazi. Nyingine zote ni ndoto za rangi rangi.

Ukishaona hivyo rudi kwa mkurugenzi, ila usiende na orodha. Orodha ya 11 ataitazama atakwambia endelea. Mpelekee chaguo: "Mwaka huu inaingia miwili, mimi napendekeza hii na hii, tisa inasubiri, naomba uandike kwamba umekubali isubiri." Hapo kwenye kuandika ndo utamwona anakaa vizuri kwenye kiti. "Nakuamini endelea" sio uamuzi, ni namna ya heshima ya kuukwepa. Na kwenye hiyo miwili awepo mtu mmoja, narudia mmoja, mwenye ruhusa ya kusema ndiyo au hapana bila kusubiri kikao. Wakiwa watatu ujue hakuna.

SWALI: Habari dada. Sisi tunahama kutoka kwenye Excel na kasistemu ka zamani kwenda sistemu mpya ya kutunza wachangiaji na mifuko. Tuna mifuko kama 200, mingine ina umri wa zaidi ya miaka 20 na waliofungua wameshafariki. Muuzaji anasema wiki sita tumemaliza. Mimi roho inakataa. Tuanzie wapi? – Kaka wa Data

JIBU: Roho yako iko sawa kaka. Wiki sita za muuzaji ni za mashine yake, data zenu hajaziona.

Ngoja nikupe la kwangu. Ofisi niliyofanyia kazi zamani, naomba nisiitaje, tulihamisha kila kitu kuanzia Ijumaa jioni, Jumatatu tukawasha mpya, tukapiga na picha. Kulikuwa na mama mmoja aliyefungua mfuko kwa kumbukumbu ya mumewe. Kwenye Excel alikuwemo mara tatu, kwa jina lake, kwa jina la marehemu, na kama "familia ya" fulani. Sistemu ikaunganisha zote tatu kwa sababu namba ya simu ni ile ile, ikabakisha jina lililotangulia, na lililotangulia ni la marehemu. Wiki iliyofuata ikatoka barua ya shukrani, mpendwa fulani, tunakushukuru kwa mchango wako wa mwaka huu. Mama akapiga simu, mimi ndo nilipokea. Hakugomba. Aliuliza tu taratibu kama kuna mtu pale ofisini anayesoma barua kabla hazijatumwa. Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikiona neno "mpendwa" juu ya barua nasimama nasoma jina mara mbili.

Kwaiyo anzeni na usafi kabla ya kuhama, na usafi huo usimpe kijana wa kompyuta peke yake. Yeye anajua safu na mistari, hajui kwamba hawa wawili ni mtu na dada yake. Mweke pamoja na yule aliyekaa hapo miaka mingi anayewajua wachangiaji kwa sura, wapite jina kwa jina. Inachosha, ndiyo, na itakula wiki zako kuliko hatua nyingine yoyote.

Alafu mikataba ya mifuko. Kila mfuko una karatasi yake inayosema pesa ni za nini, nani anashauri zitolewe wapi, na kama mtaji unaguswa au hauguswi. Mara nyingi masharti haya hayapo kwenye Excel, yako kwenye faili au kichwani kwa mtu anayekaribia kustaafu. Someni zote 200 muyaandike kwenye sistemu. Mtakuta ambazo lengo lake limepitwa na wakati, na hapa naomba uwe makini sana, usimwache anayeingiza data akausogeza mfuko kimya kimya kwenye kapu la "elimu" kwa sababu fomu inamlazimisha achague kitu. Hilo ni la bodi. Wakfu wa jamii wa kwanza ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914 na Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki ya amana, na kilichomsumbua kilikuwa hiki hiki, pesa zilizofungwa na mkono wa marehemu kwa jambo ambalo dunia imeshaliacha. Dawa yake ilikuwa kuipa kamati ya watu walio hai uwezo wa kubadili matumizi hali ikibadilika. Kwenu uwezo huo uko kwa bodi, afisa wa data hana hata akiwa na pasiwedi zote.

Kingine ambacho wauzaji hawakiulizi ni historia. Watakwambia hamisheni salio la leo, yaliyopita yabaki huko. Lakini mifuko mingi ya kudumu, ile ambayo mtaji wake hauguswi, inatoa kila mwaka kama asilimia 4 mpaka 5 ya wastani wa thamani yake, na wastani huo mara nyingi ni wa robo mwaka 12 zilizopita, wengine huenda mpaka 20. Ukihamisha salio la leo tu, mwakani mhasibu atakuja kukuuliza thamani ya robo mwaka ya miaka mitatu nyuma na wewe umeshafunga kale kasistemu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ndo linahamishwa.

Kuhusu kuwasha, ziendeshe zote mbili kwa pamoja angalau mpaka mfunge hesabu za mwezi mmoja na mpitishe mzunguko mmoja wa ruzuku. Watu watalalamika wanafanya kazi mara mbili, na ni kweli wanafanya mara mbili, waambie mpaka tarehe gani. Mkilinganisha msilinganishe jumla kuu peke yake, linganisheni mfuko kwa mfuko. Jumla inaweza ikakubali vizuri kabisa huku pesa za mfuko mmoja zimekaa kwa jirani yake. Ile ya zamani iacheni iwe ya kusoma tu mpaka mkaguzi amalize mwaka wake. Kwaiyo muuzaji mwambie wiki sita sawa, zianze kuhesabiwa data zikishakuwa safi.

SWALI: Dada, mjumbe wa bodi yetu amependekeza kampuni ya kutufungia mtandao na nimegundua ni ya shemeji yake. Ni mtu mzuri sana na anajitolea bila kulipwa. Nisemeje bila kumvunjia heshima? – Mwoga

JIBU: Wala usimseme. Peleka kwa mwenyekiti fomu ya kutangaza maslahi ijazwe na wajumbe wote kabla ya kikao cha manunuzi, wote mpaka mwenyekiti mwenyewe, ili asijione kalengwa. Akishaandika kwamba ana uhusiano na kampuni atatoka nje wakati wa kujadili na kupiga kura, na muhtasari uandike alitoka na akarudi ajenda ipi. We leta bei za kampuni nyingine mbili zilinganishwe kwa vigezo vile vile. Shemeji akishinda kwa njia hiyo kashinda kihalali. Na kama hamna hiyo fomu basi umeshapata mradi wa 12, mwambie yule Mwenye Chati hapo juu asiuchukue.