Mana ilipokoma Gilgali

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: "Imani yako ya Kikristo ilikuvusha vipi maisha yalipobadilika?" Neno lililonichoma ni hilo "ilikuvusha". Limeifanya imani iwe mtumbwi uliofungwa kando ya mto, unamsubiri kila mwenye safari. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli (uamuzi wenyewe ni wa 1973), sharika na parokia za Nkuhungu, Ilazo, Kisasa, Nzuguni na Ihumwa zimepokea watu ambao huko walikotoka walikuwa wenyeviti wa jumuiya (vikundi vya sala vya majirani), walimu wa kwaya, wazee wa kanisa. Wapo walioshika nafasi zao upya. Wapo pia ambao hawakuasi, hawakugombana na mtu, ila Jumapili moja ilizaa ya pili na sasa wanaonekana Pasaka na Krismasi tu. Kwa hiyo nitajibu swali la jirani yake: mtu anayehama afungashe nini, na kwa kipimo gani, ili imani isimfie njiani.

Aanze na karatasi, hata kama linasikika jambo dogo. Barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji au paroko iombwe kabla lori halijapakiwa. Mtoto aliye katikati ya mafundisho ya Kipaimara aje na maelezo ya alikofikia, la sivyo ataanzishwa upya na moyo utamvunjika. Mkatoliki anayetarajia kufunga ndoa asitegemee cheti cha ubatizo kilichokaa kabatini miaka ishirini. Kinachotakiwa ni nakala mpya kutoka parokia alikobatizwa, iliyotolewa ndani ya miezi sita, kwa sababu kitabu cha parokia ile ndicho kinachoandikwa pembeni kama amepata Kipaimara au amewahi kufunga ndoa. Cheti cha zamani hakijui yaliyotokea baada ya siku kilipoandikwa. Wengi huligundua hilo ukumbi umeshalipiwa na kadi zimeshagawiwa.

Kinachofuata ni jumuiya. Mgeni hukosea kwa kuzunguka: leo kanisa lenye kwaya nzuri, wiki ijayo lenye mhubiri anayesifiwa, Jumapili ya tatu anapumzika. Miezi sita ikipita ameshaingia milango minane na hakuna anayejua jina la mkewe. Msiba ukija, anayebisha hodi ni mwenye nyumba peke yake. Ushauri wangu ni kwamba ifikapo Jumapili ya nne awe amechagua, na achague panapofikika kwa miguu, maana sala za katikati ya wiki na zile za jumuiya za Jumamosi alfajiri hazisubiri bodaboda.

Hayo ni mepesi. Kipimo ndicho kigumu. Mtu maisha yakimgeuka, awe amehamishwa, amestaafu au amefiwa, huongeza ibada ghafla. Anaweka nadhiri ya kufunga siku 40 wiki ile ile anayotafutia watoto shule. Anaazimia kuamka saa tisa usiku kusali, na saa kumi na moja yuko kituoni akisubiri gari la Mtumba, kwenye ofisi za Serikali. Wiki ya pili amechoka, ya tatu ameacha, na aibu ya kuacha ndiyo inayomzuia kuanza tena. Katika kipindi cha mpito punguza kiasi, usipunguze siku. Zaburi moja kwa siku inatosha. Ziko 150, utazimaliza kabla ya miezi sita. Ukifika ya 119 igawe, maana ina aya 176 katika mafungu 22 ya aya nane nane. Fungu moja kwa siku, basi.

Kipimo hicho kina asili yake katika Kutoka 16. Mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, iligawiwa pishi moja kwa kichwa, na wazee wetu wanaijua pishi, vibaba vinne. Aliyeokota nyingi hakuzidisha, aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Iliyolazwa hadi asubuhi iliingia mabuu na kunuka. Siku ya sita tu ndipo walipookota maradufu, pishi mbili, na hiyo haikuoza. Wahubiri wetu huishia hapo, au huruka moja kwa moja hadi kuta za Yeriko. Katikati kuna tukio ambalo ningetamani lisomwe kila wanapopokelewa wageni kanisani.

Liko katika Yoshua 5. Israeli wamevuka Yordani siku ya kumi ya mwezi wa kwanza. Mto umefurika, na Maandiko yanasema ndivyo ulivyo wakati wa mavuno. Mtu wa Ugogo, yaani huku Dodoma, hapo hushtuka, kwa sababu kwetu uwele na mtama huvunwa makorongo yakiwa mchanga mtupu. Ng'ambo ile mvua za baridi na theluji inayoyeyuka mlimani Hermoni huujaza mto shayiri ikiwa imeiva. Wanapiga kambi Gilgali, wanasimamisha mawe 12 waliyoyatoa mtoni. Jioni ya siku ya kumi na nne wanakula Pasaka. Kesho yake wanakula mazao ya nchi, mikate isiyotiwa chachu na bisi. Bisi hiyo si hizi za mahindi za kwenye vifuko pale stendi, ni nafaka iliyokaangwa. Na siku inayofuata, mana inakoma.

Inakoma kabisa, baada ya miaka 40. Wanaume wengi pale walizaliwa jangwani, hawakuwahi kulala bila uhakika wa chakula cha kesho yake. Hapatajwi tangazo wala maombolezo. Mtu aliyetoka na chombo chake asubuhi ile alirudi nacho kitupu, na Mungu hakuwa amemkasirikia. Kipindi kilikuwa kimekwisha. Kuanzia hapo mkate ungetoka kwenye jembe, mvua na jasho, na ungekuwa wa Mungu vilevile.

Nilitaka kuishia hapo na kusema: mstaafu aliyezoea kusalia ofisini na wenzake saa ya chakula, mtumishi aliyebebwa miaka yote na kwaya yake ya Dar es Salaam, mana yao imekoma, washike jembe. Ndivyo nilivyokusudia kuandika, na bado naamini ni kweli. Lakini sura hiyo haianzi na mana. Inaanza na kutahiriwa.

Kati ya kuvuka mto na kula Pasaka, Yoshua, kiongozi wao, aliwatahiri wanaume wote waliozaliwa njiani, kwa visu vya gumegume, machoni pa Yeriko. Aya ya 8 inasema walikaa mahali pao kambini hadi walipopona. Jeshi zima limelala na vidonda jirani na mji wa adui. Anayelijua jando anajua maana yake. Aliyeko kumbini hatumwi kuni wala hachungi mbuzi. Analetewa chakula, na wanaomletea hawamuulizi atarudi lini shambani. Nani aliyeikaanga ile bisi Gilgali? Maandiko hayasemi. Bila shaka wanawake walikuwa na mkono mkubwa, na kwa vyovyote hakuwa yule aliyelala na kidonda.

Aya hiyo imenilazimisha kurudia niliyoandika juu. Nimemwagiza mgeni alete barua, achague kanisa, apime Zaburi zake, ashike jembe. Yote ni kazi ya mgeni. Wenyeji tunamfanyia nini? Mara nyingi tunamsimamisha ajitambulishe, tunampigia makofi matatu, na kabla hajajua duka la karibu yuko kwenye kamati ya ujenzi na ana kadi ya ahadi mkononi. Au kinyume chake, hatumwoni kabisa. Mjane ndiye anayeumia zaidi. Siku za matanga nyumba imejaa, sufuria hazitulii, nyimbo hadi usiku. Tanga likianuliwa, mikeka inakunjwa na kila mmoja anarudi kwake. Wiki ya pili hadi ya sita ndizo za hatari, maana hapo ndipo anapojaribu kusali mwenyewe na sauti haitoki. Kumwambia mtu huyo ashike jembe ni kumtoa kumbini kidonda kikiwa kibichi.

Kwa hiyo, mhariri, jibu langu limegeuka. Imani ya mtu peke yake wakati mwingine haimvushi, na hilo si kosa lake. Marko 2 wanne walimbeba mwenye kupooza, wakatoboa dari, na Yesu aliiona imani yao. Jumuiya impelekee mgeni ratiba nyumbani, isimsubiri aiulize. Watu wawili wamtembelee wiki ya kwanza, wale wale warudi wiki ya tatu, maana sura mpya kila mara humchosha. Miezi mitatu ya kwanza asipewe kamati wala ahadi. Kwa mjane, jirani mmoja asali naye kila jioni kwa wiki sita, dakika kumi tu, Zaburi moja isomwe na huyo jirani.

Miezi mitatu ni makadirio yangu. Aliyehamia kwa kupandishwa cheo pengine mwezi mmoja unamtosha, na mjane mwingine mwaka mzima haumtoshi. Wapo pia wanaoita kila uvivu kidonda, na mzee wa kanisa mwenye macho atawatambua. Na cheti cha ubatizo sikiondoi kwenye orodha: hicho jumuiya haiwezi kukufuatia, kaombe kabla hujapakia lori.