Kutoka chupa ya lita 1 hadi mtungi wa lita 1,000: kazi ya mkemia wa kiwanda cha dawa

Mdogo wangu wa Kasulu, umeuliza kama shahada ya kemia inaweza kukufikisha kwenye utengenezaji wa dawa, na kazi yenyewe ni ipi. Inaweza. Ila kugundua dawa si kazi yako: dawa imeshajulikana, wewe unatafuta namna ya kuitengeneza kwa kilo, kwa usalama, na kila toleo litoke sawa na lililotangulia.

Chukua artemetha, iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria. Artemisinini ya mmea wa Artemisia annua huwekwa kwenye methanoli, hupoozwa hadi nyuzijoto 0 mpaka 5, kisha huongezwa sodiamu borohaidraidi, kemikali inayoipa haidrojeni, kidogo kidogo. Inayopatikana, dihaidroartemisinini, hutiwa methanoli na asidi ikawa artemetha. Kwa hesabu ya karatasi, kilo 1 hutoa kilo 1.06. Kwenye chupa iliyokaa juu ya barafu, mwanafunzi makini anaiweza.

Mtungini, yaani kwenye chombo kikubwa cha kiwandani, mambo hubadilika. Ujazo ukizidi mara 1,000, eneo la ukuta unaopoza huzidi mara 100 tu. Kemikali uliyoimimina kwa dakika chache sasa huingia kwa saa kadhaa, na kipimajoto lazima kiguse mchanganyiko wenyewe. Halafu kuna gesi: kilo 1 ya borohaidraidi ikivunjwa yote kwa maji na asidi hutoa zaidi ya lita 2,000 za haidrojeni, kwa hiyo upana wa bomba la kutolea hewa hupigiwa hesabu kabla ya kuanza. Hatari inayowapita wengi ni baridi iliyozidi. Mmenyuko hulala, kemikali hulimbikizana, kisha joto likipanda kidogo zote hufanya kazi kwa mkupuo. Kikorogeo kikizimika, acha kumimina papo hapo, wala usikiwashe tena kwa kasi.

Usafishaji nao hutegemea fuwele, maana safu za silika za chuoni, mirija ya unga inayotenganisha kemikali, hula viyeyushi vingi mno. Ukipoza haraka unapata fuwele laini zinazoziba chujio na kushikilia uchafu. Poza taratibu, na utie mbegu ya fuwele safi kabla hazijaanza zenyewe. Methanoli inayobaki kwenye dawa kwa kawaida isizidi sehemu 3,000 kwa milioni. Benzini, kiyeyushi chenye sumu zaidi, 2 tu.

Viwanda vyetu vingi hupokea kiini cha dawa kutoka nje na kuchapa vidonge, kwa hiyo mlango wa kuingilia hapa nchini ni maabara ya ubora. Kazi ya mitungi iko zaidi India na China. Soma uhandisi wa joto pamoja na kemia yako.

Mazoezi unayo hapo hapo: sabuni ya mawese. Kilo 1 ya mafuta hutaka takriban gramu 140 za kostiki soda. Vaa miwani na glovu, tia soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, na epuka sufuria ya aluminiamu kwa kuwa soda huila na kutoa haidrojeni. Yeyusha gramu 50 za soda, kisha gramu 500 kwa uwiano ule ule wa maji, uandike joto kila dakika mpaka lishuke hadi nyuzijoto 40. Leta majedwali yote mawili hapa tuyasome.