Buni za Chotara Siziuzi kwa Kuatika

Kila mvua za vuli zikikaribia, hapa Kibosho hakosi mtu wa kuja kuniomba kopo la buni mbivu za mibuni yangu chotara akaatike. Simpi. Atanuna, ataniita mchoyo, lakini buni zile zitamtia hasara.

Aina za kahawa za zamani za vihamba vyetu (mashamba ya nyumbani), N39 na KP423, zinajichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa. Ukiatika mbegu yake, mtoto anamfuata mama. Tatizo lake wote tunalijua: chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaoharibu buni, na kutu ya majani. Usipopuliza dawa mara kwa mara, unavuna makapi. Chotara za TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) pale Lyamungu, kituo kinachofanya utafiti wa kahawa tangu 1934, zimetokana na kuoanisha wazazi wasiofanana. Mmoja ana mavuno na ladha, mwingine ana ukinzani wa magonjwa, mfano ule wa Rume Sudan, arabika ya asili ya Sudan, au wa Hibrido de Timor, ambayo ni arabika na robusta zilizochavushana zenyewe kisiwani Timor.

Sasa mbegu ya chotara haishiki tabia zote. Watoto wanagawana urithi, huyu kachukua ukinzani, yule kaukosa. Nina jirani aliatika hivyo. Mstari mmoja, mti huu umebeba buni safi, unaofuata buni zake zina madoa meusi yaliyobonyea, nyingine zimekauka zikining'inia tawini. Na hayo unayaona mti ukishaanza kuzaa, mwaka wa tatu hivi, umeshatia samadi na kupalilia bure.

(Watafiti wenyewe huondoa sehemu za kiume za ua kabla halijafunguka, hufunika tawi kwa mfuko, hupaka chavua ya baba, kisha husubiri miezi minane au tisa buni iive. Halafu vizazi kadhaa vya kuchagua. Aina moja inaweza kula miaka zaidi ya 20. Wewe unataka kuimaliza kwa kopo la buni!)

Chotara huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya chipukizi vinavyooteshwa mizizi. Chukua chipukizi linalopanda wima kutoka bustani mama (shamba la mibuni ya kukatia vikonyo), usiguse tawi la pembeni. Hilo la pembeni linaota mizizi vizuri tu, ila mti wake hausimami, unatambaa. Kata asubuhi mapema, kwa kisu kikali, kipande chenye jozi moja ya majani, kisha punguza majani hayo nusu ili yasipoteze maji. Visipigwe jua hata kidogo, vifunike kwa gunia bichi mpaka kitaluni.

Kitaluni vikonyo hupandwa na kufunikwa kwa nailoni, na kazi yote iko chini ya nailoni hiyo. Ukichungulia asubuhi ukute matone yameshika kwa ndani, hapo sawa. Ikiwa kavu, majani yatalegea mchana huohuo. Mizizi huchukua kama miezi mitatu, ndipo unahamishia kwenye viriba na kufunua nailoni kidogo kidogo. Ukiifunua yote siku moja unaua miche.

Ukinunua miche, muulize muuzaji jina la aina na bustani mama iliyotoka. Akibabaika, ondoka. Panda aina zaidi ya moja, na usidhani ukinzani wa chulebuni unazuia bungua mweupe, mdudu anayetoboa shina. Shina bado unalikagua.

Mibuni mizee yenye mizizi mizuri usiing'oe. Kata visiki, subiri machipukizi, bebesha (unga) chotara juu yake.