Dubu anaijua siku ya taka

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: dubu akiingia mtaani kwa watu, auawe, ahamishwe au aachwe ajiendee? Mimi ningeanza na pipa la taka, na nasema hivyo kwa sababu mapipa hayo nayashika kwa mikono yangu. Huu ni mwaka wa sita niko utingo wa lori la taka hapa Durango, mji mdogo wa kusini magharibi mwa Colorado, Marekani.

Tunaingia kazini kungali giza. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, ni nadra wiki iishe hatujakuta pipa limelazwa, mifuko imepasuliwa, nepi na mifupa ya kuku vimetapakaa hadi barabarani. Dubu wa huku ni yule anayeitwa dubu mweusi, ingawa wengi wao ni wa kahawia. Miezi hiyo anajijaza mafuta kabla ya kulala kipindi chote cha baridi: anaweza kula saa 20 kwa siku na kufikisha kalori 20,000. Chakula chake ni mbegu za mialoni na matunda madogo ya vichakani. Baridi ikirudi ghafla mwezi Mei ikaunguza maua, au mvua zikakosekana, msitu unakuwa mtupu, na mji mzima unamnukia chakula. Nasi tunayatoa mapipa nje tangu jioni ili asubuhi tusihangaike.

Kumhamisha ndiko wengi hukutaka, na hata mimi nilipofika nilitaka hivyo. Lakini dubu ana kumbukumbu ya ajabu ya njia. Wako waliopelekwa zaidi ya kilomita mia moja wakarudi walikotoka. Asiyerudi anatupwa kwenye eneo lenye dubu wengine wenye nguvu, au anaukuta mji mwingine wenye mapipa yaleyale. Kumtisha kwa mbwa na risasi za mpira kunasaidia siku chache tu kama taka bado zipo.

Kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1980 Colorado ilijulikana kwa kanuni ya makosa mawili: dubu akikamatwa mara ya kwanza alivalishwa hereni sikioni, kama ng'ombe wetu, na kupelekwa mbali, akirudia, aliuawa. Septemba mwaka juzi tulimkuta jike na watoto wawili juu ya mti nyuma ya nyumba za kupanga. Alikuwa na hereni. Dereva wangu akazima injini, akasema kwa sauti ya chini, “Huyu ameshaandikwa.” Kontena alilolifungua komeo lake lilikuwa limekatika tangu kiangazi, na wapangaji walishamwambia mwenye nyumba mara nyingi. Mama yule aliuawa siku ileile. Sijaisahau ile hereni ya njano.

Na dawa ilishapimwa hapahapa Durango. Kati ya 2011 na 2016 watafiti wa wanyamapori wa jimbo waligawa mapipa zaidi ya 1,000 yasiyofunguliwa na dubu katika sehemu mbili za mji, kisha wakalinganisha na sehemu ambazo hazikupewa. Visa vya dubu kwenye taka vilikuwa pungufu kwa asilimia 60 hivi. Dubu waliovishwa mikanda ya kufuatiliwa walionyesha jambo jingine, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: wengi waliokula mjini mwaka wa njaa walirudi kwenye chakula cha msituni mialoni ilipozaa. Basi ile kauli kwamba akishaonja haachi, si ya kumhukumia mnyama kifo. Nilikulia Mto wa Mbu, jirani na Hifadhi ya Ziwa Manyara, na nyani walioanza kuvamia magari tulijua vizuri nani aliwazoesha ndizi.

Kwa hiyo mnaponiuliza afanywe nini, nasema mwenye nyumba alazimishwe kununua pipa lenye komeo, kwa sababu bei yake ni mara kadhaa ya pipa la kawaida na mpangaji hawezi kuibeba. Boulder, mji mwingine wa Colorado, walipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2014 kwa nyumba za magharibi mwa barabara ya Broadway. Pipa litoke asubuhi ya kuzolewa. Matufaha ya uani yachumwe yote, na mbegu za kulishia ndege ziondolewe mpaka majira ya baridi. Akishaingia uani, usikimbie wala usimzibe njia. Piga kelele ukiwa karibu na mlango, umwachie pa kutokea. Anayewavamia watu au kuvunja milango ya nyumba zenye watu, huyo sitamtetea.

Kesho ni zamu ya upande wa mtoni, penye zile nyumba za kupanga. Mara ya mwisho nilipopita, wapangaji walikuwa wamelifunga lile komeo kwa waya.

Msomaji wenu, Durango, Colorado