Usiruke Kiarabu eti kwa sababu ulipita madrasa

Usiipeleke hiyo fomu, mdogo wangu. Umeandika kwamba umepata nafasi kwenye programu ya masomo ya Zama za Kati, unataka kuandika juu ya Kilwa, halafu Kiarabu unakiruka kwa kuwa ulihitimisha Kurani madrasa huko Lindi. Roho imeniuma. Ndiyo maneno niliyoambiwa na mshauri wa masomo pale chuoni kwetu: wewe mtu wa pwani, Kiarabu unacho, chukua sanaa na akiolojia. Hakuniuliza hata siku moja kama ninaelewa ninachokisoma! Analipwa kwa kushauri, anampoteza mtoto wa mkulima ambaye ada yake imetoka kwenye mnada wa korosho.

Kutamka herufi ni kitu kimoja, kuelewa kitabu ni kingine. Historia ya zamani ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili: nakala ya Kiarabu iliyoko British Library, na masimulizi ya Mreno João de Barros yaliyochapishwa 1552. Orodha za masultani hazilingani. Tasnifu yangu ilikwama hapo. Mkononi nina tafsiri ya Kiingereza tu, msimamizi ananiuliza Kiarabu chenyewe kinasemaje, nabaki kumtazama. Sura mbili zikatupwa, mada ikabadilishwa, mwaka ukaongezeka, na baba akauza shamba la mikorosho la bondeni. Shamba hilo leo lina mwenyewe mwingine, na yule mshauri bado anashauri.

Usidhani akiolojia itakuokoa. Chukua sarafu ya shaba ya Kilwa, ndogo tu, unaifunika kwa kidole gumba. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili sifa za Mungu, na pande zote mbili zinafanya vina. Irabu hakuna, kingo zimelika. Bila nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, unabahatisha. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga jumba la kifalme la Husuni Kubwa, ilipatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale huko Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Asingekuwepo mtu wa kulisoma lile jina, kingebaki kipande cha shaba.

Utamu wa kuchanganya masomo upo, sikatai. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa 1331, akausifu mji kwa uzuri na kusema umejengwa kwa mbao. Sasa vuka kutoka Kilwa Masoko, upande wa bara, uende kisiwani: Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe ulikuwa umeshasimama tangu karne ya 11. Kuamua aliona nini inabidi uusome ukuta na uisome sentensi yake, vyote viwili, kwa macho yako.

Kwa hiyo muhula wa kwanza kabisa, Kiarabu cha nahau, darasa la wanaoanza, hata kama wenzako watakushangaa. Mengine uliyouliza, malazi na ajira, wenye uzoefu watakujibu. Mimi niambie kwanza: mwisho wa kubadilisha masomo kwenye hiyo fomu ni lini?