CV utume kwa Word au PDF?

Mdogo wangu uliyeuliza CV uiatachi kwa Word au PDF, tuma PDF, labda tangazo la kazi lenyewe liseme wanataka Word, hapo wape wanachotaka usibishane nao. Shida ya Word ni kwamba ukitumia fonti ambayo kompyuta ya HR (mtu wa ajira pale kampuni) haina, inabadilishwa kimyakimya na nyingine, mistari inasogea, jedwali linavunjika, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na nusu, na akifungulia kwenye simu ndo balaa kabisa. Mimi ilishanikuta, CV yangu imefunguliwa mbele yangu kwenye intavyuu, namba ya simu imedondokea ukurasa wa pili iko peke yake, we acha tu. PDF kwa kawaida inabeba fonti zake humohumo ndani. Na kuitengeneza si kazi, unaposevu kwenye Word unachagua tu PDF, ila ile Word itunze ya kuediti baadaye.

Halafu usiprinti CV ukaenda kuiskani stesheneri, hiyo inakuwa picha tu, na kampuni zenye programu ya kuchuja CV inaweza isisome kitu. Jaribu kukopi jina lako humo ndani, likigoma ujue ni picha. Vyeti ndo uskani, viunge faili moja, Gmail kwa email moja inaishia MB 25 ila wewe usifike hata MB 3. Na jina la faili jamani, "cv mpya final 3" hapana, weka majina yako mawili.