Kwa wanagenzi wangu wa mifumo ya mapendekezo (ile inayokisia mtu atataka nini, ikamwonyesha), kabla sijapoteza sauti

Juzi mwanagenzi mwingine hapa Kisumu kaniletea modeli, yaani programu inayojifunza kwa data ya nyuma ili ibashiri, yenye usahihi wa kutisha, meno yote nje. Nikamwuliza: data umeigawaje? "Kwa kubahatisha tu, 80 ya kufundishia kwa 20 ya kujaribia." Nikafunga laptopu yake polepole. Haya, sogeeni.

1. Gawanyeni data kwa tarehe. Modeli ijifunze kwa ya zamani, ijaribiwe kwa iliyofuata. Mimi hili lilinipata nikiwa kwenye duka moja la mtandaoni, chuo nimekiacha majuzi tu. Nililikoroga faili lote la mibofyo, yaani walichobonyeza na kununua wateja, nikachota la kujaribia, modeli ikapatia karibu kila kitu. Nikawaita wakubwa. Nikawaonyesha mteja mmoja, namba tu kwenye safu, ambaye modeli ilibashiri atanunua mtungi wa gesi wa kilo 13. Na kweli alinunua! Makofi. Kisha mzee wa stoo, asiyejua hata msimbo ni nini, akauliza: "Na mpira wa gesi alinunua lini?" Nikatazama tarehe. Siku mbili baada ya mtungi. Modeli ilikwisha kuuona mpira, ndipo ikarudi nyuma "kutabiri" mtungi.

Ningenyamaza pale ingekuwa afadhali. Nikajitetea, eti hicho ni kisa kimoja, na tukaiweka kazini. Februari hiyo, shule zilishafunguliwa kitambo, ukurasa wa mbele bado umejaa sare na madaftari, kwa sababu manunuzi ya Januari yalikuwa kote kote, kwenye kufundishia na kwenye kujaribia. Walioonyeshwa orodha yangu wakanunua kidogo kuliko walioonyeshwa "vinavyouzwa sana", orodha inayotoka kwa mstari mmoja wa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Mzee wa stoo hakusema kitu. Alinisalimu tu kila asubuhi: "Daktari wa gesi, habari?"

2. Kwa hiyo anzeni na mstari huo. Modeli isiyoushinda irudi nyumbani.

3. Hifadhini alichoonyeshwa mtu na nafasi yake kwenye orodha, si alichobofya tu. Cha juu hubofywa kwa kuwa kiko juu.

4. Kubofya si kupenda. YouTube mwaka 2012 iliacha kutanguliza idadi ya kutazamwa, ikaanza kuangalia muda wa kutazama. Na huku kwetu simu moja ina wenyewe watatu: mchana baba anatafuta bei ya mabati, jioni mtoto yuko kwa katuni. Mmoja wenu, simtaji, aliniandikia ripoti kamili kuhusu "wateja wapenda mabati na katuni". Nililia kwa kicheko. Tenganisheni kwa saa, tafadhali.

5. Mseto wa modeli kumi sitaki kuuona. Netflix ilitoa dola milioni 1 mwaka 2009 kwa ubashiri wa alama za filamu ulioboreka kwa asilimia 10, na mseto wote ulioshinda haikuuweka kazini. Kazi ya kuujenga haikulipa.

6. Kuondoa jina hakutoshi. Kwa Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, hata namba ya mtumiaji ya mtandaoni inaweza kumtambulisha mtu. Faili la mibofyo halitumwi WhatsApp. Aliyelituma Jumatatu alifute, kisha aje mezani kwangu mwenyewe, chai ipo.